Maktaba ya Sauti ya YouTube: muziki wa bure kwa filamu yako, na mahali unapokupoteza

Maktaba ya Sauti ya YouTube ilifunguliwa Septemba 2013 ikiwa na nyimbo 150 zisizo na maneno. Tangu hapo imekua mara nyingi zaidi, ikaongezewa sauti za matukio kama milango, mvua na magari, na vyote ni bure kwa yeyote mwenye akaunti ya YouTube. Anayetengeneza filamu fupi, tamthilia ya mtandaoni au makala ya dakika kumi bila fungu la kumlipa mtunzi huanzia hapa, na wengi huishia hapa hapa.

Tumeipima kwa swali moja: inasaidia kiasi gani kumfanya mtazamaji ahisi kile ambacho mwongozaji anataka ahisi? Malighafi yake ni nzuri kuliko sifa iliyo nayo mitaani, na leseni zake zinaeleweka. Tatizo liko kwenye mpangilio. Maktaba imepanga muziki kwa hisia, na mtu akiufuata mpangilio huo kama ulivyo, filamu yake itasikika kama tangazo la benki.

Kuingia na kupakua

Fungua YouTube Studio kwenye kompyuta, kisha tazama chini ya menyu ya kushoto. Programu ya Studio ya simu haina sehemu hii, kwa hiyo mwenye simu peke yake afungue kivinjari na kuweka mwonekano wa kompyuta. Inafanya kazi, ila vidole vinahitaji subira. Ndani kuna kurasa tatu: muziki, sauti za matukio, na zile ulizoziwekea nyota.

Kitufe cha kupakua huwachanganya wageni kwa sababu hakionekani mpaka upeleke kishale kwenye safu ya tarehe, mwisho wa mstari wa wimbo. Faili linalokuja ni MP3. Kabla ya kulihamisha popote, liongezee jina la mtunzi na aina ya leseni kwenye jina lake, maana baada ya miezi mitatu hutakumbuka lipi linadai utaje jina na lipi halidai.

Safu ya leseni ina alama mbili. Alama ya YouTube inamaanisha unatumia bila kumtaja mtu. Alama ya Creative Commons inamaanisha lazima uweke maelezo ya mtunzi kwenye sehemu ya maelezo ya video. Ukiibofya unapewa maandishi tayari ya kunakili, na unayabandika kama yalivyo bila kuyafupisha. Asiyetaka usumbufu huo achuje mapema, abaki na zisizodai kutajwa.

Kichujio cha hisia

Orodha ya hisia ina maneno kama hasira, uchangamfu, utulivu, kiza, mahaba, kutia moyo, furaha na huzuni. Mhariri mwenye tukio la msiba atabofya huzuni, apate piano ya polepole yenye fidla nyuma yake, aiweke tangu tukio linapoanza mpaka linapoisha, kisha ashangae kwa nini watazamaji hawakuguswa. Huzuni haikai kwenye faili. Inatokana na mahali muziki unapoingia, wembamba au uzito wa sauti zake, na kiwango chake ukilinganisha na sauti nyingine za filamu.

Chukua tukio moja la sekunde 40. Mama amekaa barazani, analetewa bahasha, anaifungua, anasoma, anaikunja, anatazama barabarani. Haongei. Chagua piano yoyote iliyoandikwa huzuni, halafu iingize katika nukta tatu tofauti.

Ukiianzisha mleta bahasha anapoingia uani, mtazamaji anajua jambo ambalo mama halijui. Utulivu wake unageuka kutojua, na tabasamu lake linauma. Ukiianzisha macho yake yanapoganda kwenye karatasi, mtazamaji anapata habari pamoja naye, sekunde ile ile. Ukingoja mpaka amekunja barua na kuinua uso, mtazamaji atakuwa amekaa kimya karibu sekunde 20 akiusoma uso huo na kujikisia yaliyoandikwa. Muziki ukija hapo unathibitisha alichokisia, na mama anabaki na heshima yake. Faili ni lile lile na sauti haijapandishwa wala kushushwa, lakini umepata matukio matatu. Kwa hiyo swali la kwanza la mhariri liwe hili: katika sekunde hii, nani anajua nini? Muziki ukitangulia kitendo, filamu inamnong'oneza mtazamaji. Ukifuata kitendo, ni wa mhusika.

Mfano mashuhuri zaidi ni Jaws, filamu ya papa ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, ambayo John Williams aliitungia muziki. Kiini chake ni noti mbili zilizo jirani, E na F, chini kabisa kwenye chelo na besi. Kwa muda mrefu wa filamu papa haonekani, kwa hiyo noti hizo ndizo papa mwenyewe. Kuna tukio ambapo watu wanaona pezi majini na kukimbizana kutoka baharini, na hapo noti hazipigwi. Baadaye inajulikana kuwa ni watoto wawili wamebeba pezi la bandia. Mtazamaji amefundishwa kanuni, na kanuni haijamdanganya. Kisha, mkuu wa polisi akiwa nyuma ya mashua anamwaga chambo, papa anachomoza bila noti hata moja, na ukumbi mzima unaruka. Williams alipata Oscar kwa kazi hii. Maktaba ya bure haiwezi kukutungia noti mbili za aina hiyo, lakini kanuni inapatikana bure: chagua kipande kimoja kwa jambo moja, kitumie kwa jambo hilo tu, halafu amua ni wapi utakinyima mtazamaji anapokitarajia.

Wanasaikolojia nao wamelipima jambo hili. Mwaka 1988 Sandra Marshall na Annabel Cohen waliwaonyesha watu filamu fupi ya katuni iliyotengenezwa na Heider na Simmel mwaka 1944. Ndani yake kuna pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara vikizunguka karibu na kisanduku. Muziki ulipobadilishwa, maelezo ya watu kuhusu maumbo hayo yalibadilika pia: lipi lina nguvu, lipi lina vurugu. Muziki haukuyapaka maumbo yote rangi moja. Mwendo wake ulipooana na mwendo wa umbo fulani, jicho lilivutwa kwa umbo hilo, na sifa za muziki zikatua kwa hilo. Faida yake kwenye meza ya uhariri ni kubwa. Ikiwa watu watatu wako kwenye fremu na mpigo unaangukia hatua za mmoja wao, mtazamaji atamhusisha muziki na huyo, hata kama ulimkusudia mwingine. Sogeza faili fremu tano au sita mbele au nyuma, uone macho yanahamia kwa nani.

Vichujio vyenye faida

Kichujio cha muda ndicho bora, na huandikwa kwa sekunde. Omba nyimbo ndefu kuliko tukio lako angalau mara mbili, ili upate nafasi ya kuchagua sehemu na kukata. Cha pili ni aina ya muziki: anza na muziki wa mazingira, ule wa polepole usio na wimbo wa kushika masikioni, kabla ya kwenda kwenye kundi la sinema. Kundi la sinema limejaa vipande vinavyopanda kila baada ya mizunguko minane, ngoma kubwa zikiingia na vinanda vikiongezeka. Kupanda huko kumepangwa na mtunzi ambaye hajaiona filamu yako. Kilele chake kitaangukia mtu anapofunga mlango, na mlango utaonekana una siri.

Hakuna kichujio cha kasi wala cha ufunguo wa muziki. Upungufu huo unagharimu muda, kwa sababu vipande viwili vyenye ufunguo tofauti vikikutana kwenye mpishano, yaani kimoja kikififia huku kingine kikiingia, vinasikika vimekosana, na mtazamaji asiyejua muziki atasema tu kwamba sauti ni mbaya. Kasi utaipata mwenyewe: hesabu midundo kwa sekunde 15, zidisha mara nne.

Kabla ya kuwekea wimbo nyota, usikilize mara tatu. Kwanza kuanzia katikati, kwa sababu utangulizi hutungwa ili kuvutia na mara nyingi hauwakilishi kinachofuata. Pili kwenye spika ya simu. Simu nyingi hazitoi sauti ya maana chini ya hezi 200 au 300, kwa hiyo besi nzito ya kutisha inayokutetemesha kwenye spika za mezani inaweza kutoweka kabisa mkononi mwa mtazamaji, akabaki anaangalia mtu akitembea gizani kimya. Tafuta kipande ambacho tisho lake lina sehemu juu zaidi pia: fidla zinazokwaruza, kinanda kilichopigwa kwa nguvu, pumzi. Tatu, unganisha kushoto na kulia iwe mono. Vipande vilivyopanuliwa sana kwa ujanja wa studio hupungua nguvu au kupotea vikiwa mono, na spika ya simu ya kawaida huwa karibu na mono.

Kuhusu nyimbo zenye maneno, ziache kwenye mazungumzo. Sikio hufuata maneno popote yanapotoka, na mwigizaji wako atakuwa anagombana na mwimbaji.

Pwani haimo

Hapa maktaba inapungukiwa waziwazi. Hutakuta kichujio cha taarabu, dansi wala singeli. Mtengeneza filamu wa Zanzibar au Mombasa anayetafuta ladha ya nyumbani ataishia kwenye vipande vyenye harufu ya jangwa, vile ambavyo sinema za Magharibi huviweka kila ngamia anapotokea. Vingi vimejengwa juu ya mruko mpana wa noti unaosikika kwenye hijazi, mojawapo ya makamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu. Masikio ya Hollywood yamezoeshwa kuusikia mruko huo kama hatari au mafumbo. Masikio ya mtu aliyekulia kwenye taarabu yanasikia ala za harusini, udi na kanuni. Ukiweka kipande hicho juu ya mtaa wa Mji Mkongwe usiku, mtazamaji wa Ulaya ataogopa, na mtazamaji wa Unguja atauliza nani anaoa.

Ndiyo maana kundi la huzuni halifai kuaminiwa. Linachukulia kwamba ufunguo wa mainari (minor) na mwendo wa polepole ni huzuni kila mahali, na hilo ni zoea la muziki wa Ulaya. Kwa watazamaji wa hapa, kwaya ya mbali, tarumbeta ya bendi ya mazishi, au ngoma ya mtaa mwingine inayosikika kwa shida hufanya kazi ambayo piano haiwezi. Simu ya kawaida yenye kinasa sauti, ikiwekwa mbali na upepo, itakurekodia sauti hizo. Omba ruhusa ya wapigaji, na kumbuka kwamba wimbo wanaoupiga unaweza kuwa na mwenyewe hata kama rekodi ni yako.

Kukata bila mshono kuonekana

Kila wimbo unakuja kama faili moja lililochanganywa. Huwezi kuondoa ngoma ukaacha fidla, wala kushusha kinanda peke yake mtu anapoanza kusema. Maktaba nyingi za kulipia, Epidemic Sound ikiwemo, hutoa ala katika mafaili tofauti. Kwa kazi ya filamu hii ndiyo tofauti kubwa kati ya bure na kulipia, kuliko hata ubora wa muziki wenyewe.

Kinachobaki ni mkasi na hesabu. Tuseme tukio lina sekunde 52 na wimbo una sekunde 130 kwa kasi ya midundo 100 kwa dakika. Mdundo mmoja ni sekunde 0.6. Mzunguko wa midundo minne ni sekunde 2.4, yaani fremu 60 kamili kwa video ya fremu 25 kwa sekunde. Unahitaji kuondoa sekunde 78, ambazo ni mizunguko 32 na nusu. Ondoa 32, sawa na sekunde 76.8. Wimbo unabaki na sekunde 53.2, kwa hiyo uanze sekunde 1.2 kabla ya tukio, chini ya picha iliyotangulia. Ziada hiyo ni msaada: muziki ukitangulia mkato kidogo, humvuta mtazamaji aingie kwenye tukio jipya bila kuhisi kizingiti.

Kata katikati, usikate mwisho. Weka mwisho halisi wa wimbo kwenye mwisho wa tukio kwanza, kisha rudi nyuma. Noti ya mwisho iliyopigwa na kuachwa izimike yenyewe inamwambia mtazamaji kuwa jambo limefungwa. Wimbo unaofifishwa katikati ya sentensi yake unamwambia mhariri alichoka. Pale unapokata, weka mpishano mfupi sana, fremu mbili au tatu, juu ya mdundo wa kwanza wa mzunguko. Mpishano mrefu unafanya ngoma mbili zisikike kama mtu anayejikwaa.

Ikiwa ni lazima muziki ukatike ghafla, mathalani mlango unapofungwa kwa kishindo, tuma mdundo wa mwisho tu kwenye mwangwi wa sekunde mbili au tatu, ukate vilivyobaki. Mwangwi utaubeba mkato. Mlango ufunike mwanzo wa ukimya.

Kosa jingine huanza kabla hujaifungua maktaba. Mhariri anakata filamu juu ya wimbo maarufu wa muda, anauzoea, kisha anahangaika kutafuta unaofanana nao. Hata mwongozaji Stanley Kubrick alinaswa na hilo: muziki ambao Alex North alimtungia kwa ajili ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 haukutumika, na vipande vya watunzi wengine alivyokuwa ameviweka wakati wa kuhariri vikabaki. Yeye aliweza kuvilipia. Kwa asiyeweza, njia salama ni kukata filamu kavu, kisha kuitazama bila muziki na kalamu mkononi, ukiandika dakika na sekunde ya kila mahali ambapo uso, ukimya au picha haijajitosheleza. Hapo tu ndipo muziki uingie. Katika filamu ya dakika 15 utashangaa jinsi sehemu hizo zilivyo chache.

Chini ya maneno

Muziki wa maktaba umepikwa ukiwa na sauti kubwa, tayari kusikilizwa peke yake. Ukiuweka kama ulivyo utameza mazungumzo. Panga mazungumzo kwanza, yakae imara, ndipo ulete muziki ukiwa desibeli 15 hadi 20 chini yake mtu anaposema. Kwenye muziki, fungua ekolaiza, kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti, upunguze desibeli 3 au 4 kati ya kilohezi 1 na 4, kwa sababu konsonanti zinazofanya maneno yaeleweke zimo humo. Punguzo hilo hufanya kazi kubwa kuliko kuushusha muziki wote, na hisia haipotei.

Ukitumia kifaa kinachoshusha muziki chenyewe mtu anapoongea, kiache kiushushe ndani ya milisekunde mia moja hivi, lakini kirudi taratibu, nusu sekunde hadi sekunde nzima. Kikirudi haraka, muziki utapanda kila mwigizaji anapovuta pumzi na mtazamaji ataanza kuusikia muziki badala ya mtu. Kwenye tukio zito achana nacho kabisa, chora mistari ya sauti kwa mkono. Mashine haijui kwamba ukimya kati ya “nimekusamehe” na “lakini” haupaswi kujazwa.

Kuingia kwa muziki kufiche. Sekunde mbili za kupanda polepole chini ya gari linalopita, upepo au kelele za sokoni zinatosha mtazamaji asijue ulianza lini. Ukitaka ajue, fanya kinyume, uanze kwa ukali juu ya mkato. Nusunusu ndiyo mbaya.

YouTube hushusha video iliyozidi takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini haipandishi iliyo chini. Anayeminya sauti ili filamu iwe kubwa kuliko za wengine anapoteza tofauti ya kelele na kimya, halafu YouTube inamrudisha pale pale. Mishtuko ya filamu ya kutisha inaishi kwenye tofauti hiyo. Televisheni zinazofuata kiwango cha Ulaya cha EBU R128 hutaka LUFS -23, kwa hiyo filamu itakayoonyeshwa kote kuwili inahitaji michanganyo miwili.

Ukurasa wa pili

Sauti za matukio zinafaa zaidi ya zinavyosifiwa. Upepo, kunguru, jenereta la mbali na mvua juu ya bati hufanya kazi ya muziki bila mtazamaji kujua ameguswa. Tukio la woga lililo na jenereta linalozimika lina nguvu kuliko lile lenye fidla. Ubora haulingani, na baadhi ya rekodi ni fupi mno. Sauti ya sekunde sita ukiirudiarudia itamchosha mtazamaji bila yeye kujua sababu. Pishanisha nakala mbili zilizoanzia sehemu tofauti.

Kuna ujanja unaofaa kwa muziki pia. Chukua wimbo wa furaha kutoka kundi la uchangamfu, ukate chini ya hezi 300 na juu ya 3,500, uufanye mono, uupe mwangwi wa chumba kidogo. Sasa ni redio ya jirani. Iache ipige wakati mama yule wa barazani anasoma barua yake. Muziki usiojali unaumiza kuliko muziki unaolia pamoja na mhusika, na hapa ndipo kundi la furaha la maktaba linapofaa zaidi kuliko kundi la huzuni.

Leseni na mipaka yake

Masharti yanaruhusu kutumia nyimbo hizi kwenye video, zikiwemo zinazoingiza pesa. Hayaruhusu kuusambaza wimbo peke yake, nje ya video. Usiupakie kwenye jukwaa la muziki kama albamu ya filamu yako. Piga picha ya skrini ikionyesha wimbo na alama yake ya leseni siku unapoupakua, kwa sababu maktaba haikupi hati yenye jina lako. Wasambazaji na vituo vya televisheni huomba orodha ya kila kipande cha muziki, urefu wake na mwenye haki. Andika orodha hiyo unapohariri, si siku ya kuwasilisha.

Nje ya maktaba hii kuna mitego zaidi. Pixabay ina muziki mzuri wa bure, lakini baadhi ya vipande vimesajiliwa kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua hakimiliki, video inapata dai na inabidi uonyeshe cheti. Tovuti ya Free Music Archive ina leseni nyingi tofauti za Creative Commons. Herufi NC zinakataza biashara. Herufi ND zinakataza kubadilisha, na Creative Commons huhesabu kuuoanisha wimbo na picha kuwa ni kuubadilisha, kwa hiyo wimbo wa ND haufai kwa filamu hata kama hukukata sekunde moja. Na wimbo wa msanii wa hapa una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Prodyuza aliyekupa rekodi huenda hana utunzi. Uulizie ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, lakini saini ya wenye haki wenyewe ndiyo inayokulinda.

Doa ambalo leseni haiondoi ni umaarufu. Nyimbo zilizo juu kwenye orodha zimetumika kwenye video zisizohesabika za mapishi, safari na kufungua maboksi ya simu. Mtazamaji akiutambua wimbo, analeta kumbukumbu ya video nyingine ndani ya filamu yako. Shuka mpaka kurasa za chini, au tumia katikati ya wimbo ambako wengi hawafiki.

Kwa filamu ya kuonyeshwa YouTube, maktaba hii inatosha na tunaipa 7 kati ya 10. Kwa filamu ya tamasha au ya kuuza, itumie kama rasimu tu, kisha mpe mtunzi orodha yako ya dakika na sekunde. Orodha hiyo itampunguzia kazi, na bei pia.

Unapomaliza, toa mafaili matatu ya sauti mbali na filamu yenyewe: mazungumzo peke yake, muziki peke yake, na sauti za matukio. Filamu nyingi za nje zinazoonyeshwa kwenye vibanda umiza hutafsiriwa juu ya mchanganyo mmoja. Msimulizi anapoongea, waigizaji, muziki na milio ya risasi vyote vinashuka pamoja, na hisia yote inabaki mikononi mwake. Filamu yako ikipata mnunuzi Uganda au Kongo anayetaka kuitia lugha nyingine, atabadilisha faili la mazungumzo tu, na muziki utabaki pale ulipouweka, kwa kiwango ulichokipima.